Yatima, Nyumba na Gurudumu: Historia ya Sadaka Katika Kisiwa cha Mombasa

Katika mazungumzo ya kila siku yatima ni mtoto yeyote aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili, lakini katika fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu ambayo kwa karne nyingi ndiyo iliyoongoza mirathi na malezi katika kisiwa cha Mombasa, neno hilo lina mpaka wake: yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, hata kama mama yake yu hai na anaishi naye nyumba moja. Sababu ya mpaka huo ni kwamba sheria imembebesha baba wajibu wa kumlisha mtoto, kumvisha na kumpa makazi, hivyo baba anapokufa kinachokatika kwanza ni riziki, ilhali malezi na mapenzi yanaweza kuendelea mikononi mwa mama. Tofauti hii ni rahisi kuipita bila kuigusa. Hata hivyo ndiyo inayoeleza kwa nini mji ambao tangu mwaka 1875 umekuwa ukipokea fedha za mayatima kutoka ng'ambo, kwanza kupitia misheni na siku hizi kupitia michango ya namna nyingi, ikiwemo safari ndefu za baiskeli, ulikuwa tayari na namna yake ya kuwatunza mayatima isiyohitaji jengo maalumu, kibao cha mlangoni wala msafiri wa kuitangaza.

Katika Mji wa Kale, yaani mitaa iliyosongamana kaskazini ya Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, mitaa kama Ndia Kuu, Kibokoni na Kuze, mtoto aliyefiwa na baba hakupelekwa mahali pa kulelewa na wageni. Alibaki kwa mama yake, au alihamia kwa ami, kwa mjomba au kwa nyanya, na ikiwa marehemu aliacha mali, mali hiyo ilishikwa na wasii, yaani mtu aliyeteuliwa na marehemu mwenyewe au na kadhi ili aitunze hadi mtoto afikie umri wa kujisimamia. Kwa hiyo suala la yatima lilikuwa kwanza suala la amana, na wanazuoni walilichukulia hivyo, wakikumbusha onyo kali la Sura ya An-Nisaa juu ya wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma. Onyo linalorudiwa mara nyingi huwa ni ushahidi wa jambo linalotendeka mara nyingi, na ingekuwa kosa kuyapamba maisha ya zamani kana kwamba kila wasii alikuwa mwaminifu na kila ami alikuwa na huruma. Methali ya Waswahili isemayo kuwa yatima hadeki ilitungwa na watu waliomwona mtoto akila mwisho, akitumwa mwanzo, na akinyamaza anapoonewa kwa kuwa hana wa kumlilia.

Kando ya urithi kulikuwa na wakfu. Wakfu ni mali ambayo mwenyewe ameifunga kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, bali manufaa yake tu, kama kodi ya nyumba au nazi za shamba, yatumike kwa jambo alilolitaja katika hati. Wanazuoni huugawa mara mbili: wakfu khairi, ambao manufaa yake huenda moja kwa moja kwenye jambo la kheri kama vile msikiti, kisima, makaburi au maskini, na wakfu wa dhuria, ambao hunufaisha kizazi cha aliyeuweka na kuwaangukia maskini pale tu kizazi hicho kinapokatika. Aina ya pili imeshukiwa mara nyingi kuwa ujanja wa wenye mali wa kuizuia mali isitoke ukooni, na shutuma hiyo ina ukweli wake, lakini ilikuwa na kazi moja iliyowahusu mayatima moja kwa moja. Katika mirathi ya Kiislamu, mzee akifa akiwa na mwana wa kiume aliye hai pamoja na wajukuu ambao baba yao alitangulia kufa, wajukuu hao hawapati fungu, kwa kuwa ami yao amewazuia. Babu aliyewaonea huruma wajukuu hao alikuwa na njia ya kuusia, nao wasia hauruhusiwi kuzidi theluthi ya mali, au alikuwa na njia ya kuiweka nyumba wakfu kwa dhuria wake wote, ili mjukuu yatima apate chumba cha kulala na sehemu ya kodi bila kungoja hisani ya ami. Nyumba ya mawe, ambayo kwa kawaida husimama miaka mingi kuliko maisha ya aliyeijenga, ilikuwa chombo kinachofaa sana kwa kazi hiyo.

Utawala wa Waingereza, uliotangaza himaya mwaka 1895 huku ukiendelea kumlipa Sultani wa Zanzibar kodi ya ukanda wa pwani, uliacha mahakama za kadhi mahali pake, lakini rufaa za mwisho ziliishia kwa majaji wa London. Mwaka 1894, katika kesi iliyotoka Bengali, Baraza la Faragha, yaani mahakama ya juu ya rufaa ya dola yote, lilikuwa limeamua kwamba wakfu ambao kwa hakika umewekwa kwa faida ya ukoo, na ambao maskini wametajwa ndani yake kwa mbali mno, hauna nguvu ya kisheria. India ilirekebisha jambo hilo kwa sheria ya mwaka 1913, lakini hoja ileile ilikuja kutumiwa tena dhidi ya wakfu wa familia moja katika kesi ya rufaa kutoka Kenya iliyoripotiwa mwaka 1952. Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya mwaka 1951 ndiyo iliyoutambua tena wakfu wa aina hiyo nchini, nayo ilidumu hadi nafasi yake ilipochukuliwa na Sheria ya Wakfu ya mwaka 2022. Majaji wa London waliona ukoo tajiri unaojilimbikizia mali; hawakuona kwamba katika mji usio na nyumba ya mayatima, ukoo wenyewe ndio uliokuwa nyumba hiyo.

Sadaka ya pili ilifika kwa meli. Baada ya Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza, kufika Zanzibar mwaka 1873, na Sultani Barghash kutia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini mwezi Juni mwaka huo, manowari za Uingereza zilizokamata majahazi zilijikuta na watu wasio na pa kwenda, wengi wao watoto. Mwaka 1875 Chama cha Misheni cha Kanisa la Kiingereza, chini ya mchungaji William Salter Price, kilianzisha makazi ya Frere Town upande wa Kisauni, ng'ambo ya mkono wa bahari mkabala na Mji wa Kale, na katika mwaka huohuo mamia ya walioachwa huru walishushwa hapo. Walimu na wasimamizi kadhaa walikuwa Waafrika waliokombolewa zamani na kusomeshwa Nasik, karibu na Bombay, watu ambao wenyewe walikuwa wamekulia katika malezi ya misheni na ambao historia imewapa jina la Waafrika wa Bombay.

Watoto wa Frere Town waliitwa mayatima, lakini uyatima wao ulikuwa wa namna ambayo fiqhi haikuijua: huenda baba zao walikuwa hai, mahali fulani kando ya Ziwa Nyasa au katika nchi ya Wayao, nao hawangeonana tena kwa kuwa biashara ilikuwa imewatenga. Mtoto kama huyo hakuwa na ami wala wakfu wa babu, na fedha za kumlisha zilitoka kwa waumini wa Uingereza ambao hawakuwahi kuiona Mombasa, waliosoma habari zake katika majarida ya misheni na kutoa kadiri walivyoguswa. Hapo ndipo Mombasa ilipogeuka kuwa ng'ambo ya watu wengine. Waungwana wa kisiwani hawakufurahia jambo hilo, hasa misheni zilipoanza kuwapa hifadhi watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana wao wa pwani, na ugomvi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwanzoni mwa mwaka 1889 kampuni ya kibiashara ya Waingereza ililazimika kuwalipa mabwana fidia ya watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa katika makazi ya misheni. Kengele iliyowekwa Frere Town, ambayo ililia kuwatahadharisha wakazi dhidi ya mashambulizi, imeliachia eneo hilo jina la Kengeleni.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilizalisha mayatima wengi kuliko majahazi ya watumwa, na hao hawakupata misheni wala wakfu. Zaidi ya wanaume 40,000 walioandikishwa kubeba mizigo ya jeshi, katika kikosi ambacho jina lake la Kiingereza Waswahili waliligeuza kuwa Kariakoo, walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, na mishahara ya maelfu ya marehemu hao haikuwafikia warithi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 sanamu za ukumbusho zilisimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Shaba ilipatikana, masurufu ya watoto hayakupatikana.

Tangu kabla ya vita hivyo gurudumu lilikuwa linaingia kisiwani kwa njia yake. Mwaka 1890 kampuni ileile iliyolipa fidia ya watoro, Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ilianza kutandika bara reli nyembamba yenye upana wa futi 2, ikaishia baada ya maili 7 hivi, na vyuma vyake vikang'olewa na kutandikwa kisiwani ili kubebea vigari vidogo vilivyosukumwa na watu kati ya Mji wa Kale na Kilindini. Kwa miaka mingi hicho ndicho kilichokuwa chombo cha heshima cha maofisa na matajiri wa Mombasa. Baiskeli ya kisasa, yenye magurudumu mawili yanayolingana na mnyororo unaozungusha la nyuma, ilikuwa imebuniwa Uingereza mwaka 1885, na tairi la upepo likafuata mwaka 1888. Ubora wake juu ya kigari cha reli ni kwamba haikuhitaji watu wa kuisukuma, na kwa hiyo karani, mwalimu wa shule na hatimaye muuza mikate waliweza kuimiliki. Ndani ya Mji wa Kale kwenyewe njia ni nyembamba mno kwa mbio, na mwenye baiskeli hulazimika kushuka na kuikokota kila anapokutana na mkokoteni, lakini nje ya mitaa hiyo, kuelekea Majengo na Makupa, na kuanzia mwaka 1931 juu ya daraja la kuelea la Nyali lililotoza ushuru wa kuvuka, baiskeli ilifupisha kisiwa. Ilizaa pia ufundi wake, wa mtu aketiye kivulini na beseni la maji ya kutafutia pancha, mkasi, gundi na vipande vya tyubu kuukuu.

Mwendesha baiskeli wa masafa marefu naye hakukawia. Mwaka 1938 Ramnath Biswas, Mbengali aliyekuwa ameanza safari zake za dunia kutoka Singapore mwaka 1931, alipanda meli Mumbai, akashuka Mombasa, na kutoka hapo akaendesha baiskeli kupitia Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia hadi Afrika Kusini. Safari yake haikuwa ya kuwachangia mayatima; ilikuwa ya kuona na kuandika. Lakini ilithibitisha jambo ambalo wachangishaji wa baadaye walilitegemea, nalo ni kwamba mtu anayekuja kwa nguvu za miguu yake mwenyewe hutazamwa kwa jicho tofauti na anayeshuka garini, na kwamba uchovu wake ni aina ya barua ya utambulisho.

Ilichukua miongo kadhaa kabla ya uchovu huo kugeuzwa fedha kwa utaratibu maalumu. Mwaka 1980, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, waendesha baiskeli 36 walifanya safari ya kuchangia utafiti wa saratani, na katika mwaka huohuo safari ya London hadi Brighton ilianza kuchangia taasisi ya moyo ya Uingereza. Utaratibu wake ni huu: mwendeshaji huwaomba jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake waahidi kiasi fulani cha fedha iwapo atafika mwisho, kisha yeye huteseka na wao hulipa. Waafrika Mashariki walioko ugenini hawakuwa nyuma katika mambo ya aina hii, kwa kuwa matembezi ya hisani yaliyoanzia Vancouver mwaka 1985 kuchangia maendeleo ya Asia na Afrika yalianzishwa na kina mama wa jamii ya Ismailia, jamii ambayo wengi wake nchini Kanada walitoka Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 2017 Waislamu 8 wa Uingereza waliendesha baiskeli kutoka London kuelekea Madina, wakihiji na wakati huohuo wakikusanya fedha kwa ajili ya Syria, na hivyo wakaunganisha hija, michezo na sadaka katika safari moja.

Mombasa yenyewe haikuwa ngeni kwa wazo la kuchanga kwa njia ya tamasha. Vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake ambayo makundi yake yalishindana kwa mavazi, nyimbo na karamu, viliwapa wanawake wa mji uzoefu wa kukusanya fedha na kuzitumia hadharani, na mwishoni mwa miaka ya 1950 vyama vipya vya wanawake wa Kiislamu viliuelekeza ushindani huo kwenye elimu na hisani. Baada ya uhuru, harambee iliufanya mchango wa hadharani kuwa desturi ya taifa zima, na kuanzia mwaka 2007 huduma ya M-Pesa ilimwezesha mtu kuchangia akiwa kitandani.

Jiografia, hata hivyo, haikuipendelea Mombasa katika safari za baiskeli zinazovuka bara. Safari ya mashindano ya kutoka Cairo hadi Cape Town, yenye urefu wa kilomita 12,000 hivi, iliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2003, kwa miaka mingi iliingia Kenya kwa Moyale na kutoka kwa Namanga bila kuiona bahari, kwa kuwa kwa mtu anayekwenda kusini kisiwa hiki kiko pembeni. Anayefika Mombasa kwa baiskeli ni yule aliyekusudia kufika. Njia yake ya kawaida ni ile ya Nairobi, kilomita karibu 480, ambayo kwenye ramani inaonekana kuwa mteremko mtupu kwa kuwa inaanza zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, lakini ina vilima vyake, ina upepo wa mbele, ina joto la nyika ya Taru baada ya Voi, na juu ya yote ina malori ya makontena yanayompita mtu kwa kishindo cha kumtoa barabarani. Kutoka Mazeras harufu ya bahari huanza, kisha Changamwe, kisha Makupa, na hapo mwendeshaji huingia kisiwani akiwa amemaliza kazi yake. Kazi ya fedha alizochanga ndiyo inayoanza.

Historia ya fedha hizo katika miaka ya karibuni si nyepesi. Baada ya shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998 jijini Nairobi, serikali ilifuta usajili wa mashirika kadhaa ya misaada ya Kiislamu yaliyokuwa na wafadhili wa nje, na baadhi yake yalikuwa yakiwasaidia mayatima; watoto ambao karo yao ililipwa na mtu wa ng'ambo wasiyemjua walipoteza ufadhili kwa sababu ya kosa wasilolijua pia. Mwezi Novemba mwaka 1999 ukimwi ulitangazwa kuwa janga la taifa, na katika muongo uliofuata idadi ya watoto waliofiwa na mzazi kwa ugonjwa huo nchini ilikadiriwa kuzidi milioni 1. Nyumba za watoto ziliongezeka nchini, pwani ikiwemo, nyingi zikitegemea wageni, makanisa na vikundi vya ng'ambo, vikiwemo vya waendesha baiskeli, ambao walipenda kuona kitu cha kupigia picha: jengo, kitanda, sare, mtoto anayetabasamu. Mwezi Novemba mwaka 2017 serikali ilisimamisha usajili wa nyumba mpya za aina hiyo, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka 10 wa kuwarudisha watoto katika familia, kwa kuwa ilibainika kwamba wengi wa waliolelewa humo walikuwa na mzazi au jamaa aliye hai ambaye hakukosa mapenzi, alikosa fedha.

Sera ya mwaka 2022 imerudi, bila kusema hivyo, kwenye maana ya zamani ya yatima, ya mtoto ambaye mama yake yupo lakini riziki imekatika. Mwenye kuendesha baiskeli siku 5 juani anastahili heshima, na hakuna hoja katika historia hii inayompinga. Dosari iko katika kuigeuza safari yake kuwa jengo lenye kibao, badala ya kuwa kodi ya nyumba ya mama au chumba cha kupangisha ambacho mapato yake yangewafikia mayatima mwaka baada ya mwaka, kama hati za wakfu za Mji wa Kale zilivyokusudia. Mpango wa serikali wa kuzipa fedha kaya zinazolea mayatima ulianza kwa majaribio mwaka 2004, ukilipa shilingi 500 kwa mwezi, na baadaye kiwango chake kikapandishwa hadi shilingi 2,000 kwa kaya moja, iwe ina yatima mmoja au sita.